Nishani ya Ramani

Mjomba ndiye aliyenipeleka shule ya Wadachi, wala hakunipeleka kwa kupenda. Jumbe alikuwa ameambiwa bomani alete watoto wanne kutoka milimani, na kama angeshuka mikono mitupu angechapwa yeye mwenyewe. Akapita nyumba kwa nyumba. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba ndilo la mwisho, kwa hiyo baba yangu hakuulizwa. Mjomba alitupanga sisi watoto wa dada yake mbele ya nyumba, akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayechagua jembe la kuazimisha. Kaka yangu alikuwa na mabega mapana. Mimi nilikuwa na kifua kibovu; nikipanda mlima kinalia kama filimbi.

"Huyu," alisema. "Shambani hana kazi kubwa."

Nikashuka mjini nikiwa na mkeka mmoja na nguo niliyovaa.

Shule ilikuwa karibu na boma, nyumba ndefu yenye paa la bati. Jua likiwaka tulipikika, mvua ikinyesha hatukusikia kitu. Mwalimu wetu mkubwa alikuwa Mdachi mwembamba mwenye miwani, aliyekisema Kiswahili vizuri kuliko sisi tuliotoka milimani na lafudhi zetu za Kiluguru. Wengine wanapenda kuwataja Wadachi wote kama watu wa kiboko tu. Kiboko kilikuwapo, nimekionja, ila mwalimu huyu hakuwahi kumchapa mtoto kwa kukosea hesabu. Alichapa kwa uchelewaji na kwa uongo. Ukikosea hesabu alikaa kwenye benchi pembeni yako, akachukua kalamu yako ya jiwe, akaanza nawe upya. Nilimpenda. Ningekuwa sikumpenda, mengi katika haya yasingetokea.

Mwaka wangu wa tatu alikuja darasani na kitabu chenye picha za vijana wa kwao waliovaa kaptura na skafu shingoni, wakiwasha moto porini, wakitazama dira, wakipanda juu ya miti na darubini. Alisema kwao huitwa kwa neno lenye maana ya watafuta njia. Waingereza walipokuja baadaye nao walikuwa na vijana wa namna hiyo, wakiwaita skauti. Mwalimu alitaka kikosi kama hicho Morogoro. Akachagua kumi na wawili, nami nikiwa mmoja wao, kwa sababu ya hesabu.

Kulikuwa na mazoezi ya kutembea, ya kufunga mafundo, ya kuosha masufuria. Lakini kilichotuondolea usingizi ni nishani. Mwalimu alisema kijana atapewa nishani tatu za elimu, akizistahili: ya mvua, ya ishara na ya ramani. Fundi cherehani Mhindi wa sokoni ndiye aliyezishona, vitambaa vya duara vya kubandika kwenye mkono wa shati, kila kimoja na picha yake kwa uzi wa rangi. Mwalimu aliziweka mezani siku nzima tuzione, kisha akazifungia kabatini.

Ya mvua ilitaka uvumilivu. Kwenye uwanja wa shule palikuwa na kopo la shaba juu ya nguzo, na kila asubuhi kabla ya kengele ilikuwa lazima umimine maji yake kwenye bilauri yenye alama, usome, uandike. Miezi sita bila kukosa siku hata moja. Hata asubuhi isiyo na tone ulisimama pale ukaandika sifuri. Wenzangu wengi walikatishwa tamaa na sifuri hizo. Mmoja alichoka nazo, akatia maji ya kisimani ili apate cha kuandika, na siku hiyo anga lilikuwa jeupe kama sahani. Alilala kifudifudi wiki nzima kwa fimbo alizopigwa. Mimi nilishikwa na homa mwezi wa nne, nikajikokota hadi kwenye nguzo huku meno yakigongana, nikasoma, nikaandika. Mwandiko wa siku ile ulikuwa kama wa mtu aliye juu ya punda. Mwalimu alipoukagua aliweka kidole juu ya mstari ule kwa muda mrefu. Nikapata nishani ya kwanza.

Ya ishara niliipata bila taabu. Tulipanda mteremko wa Kilakala na kioo cha mviringo, wengine wakabaki bomani na kioo cha pili, tukatumiana maneno kwa miale ya jua, fupi na ndefu, kama simu inavyogonga kwenye waya. Neno la kwanza nililotuma mimi lilikuwa MVUA. Jibu lilipomulika kutoka chini, lisilo na sauti wala mtu wa kulibeba, nilicheka peke yangu mpaka kifua kikanibana. Sijui kama nimewahi tena kufurahi namna ile.

Kabla ya nishani ya tatu mwalimu aliniita nyumbani kwake, akaniketisha barazani.

"Atakayepata zote tatu," alisema, "nitamwandikia barua Dar es Salaam. Kuna ofisi ya upimaji wa nchi. Wanahitaji vijana wa kujifunza kutumia chombo cha kupimia. Utapenda?"

Nilisema nitapenda. Nilisema mara tatu, kama mjinga.

Kazi ya nishani hiyo ilikuwa kuchora ramani ya eneo ambalo halijachorwa sawasawa. Wenzangu wawili waliobaki walichagua tambarare za Kihonda, mahali unapoona mbali na miguu haichoki. Mimi nilichagua kwetu. Ramani ya bomani ilionyesha milima ya Uluguru kwa mistari michache ya kahawia, kama nywele zilizochanwa ovyo. Upande wetu hapakuwa na kijiji, hapakuwa na kijito, kana kwamba hatukuzaliwa. Nilitaka mwalimu ajue kwamba tupo.

Nikapanda nyumbani na dira, kamba yenye mafundo na daftari. Mjomba alikuwa anapalilia maharage.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wamekufukuza?"

"La. Nimetumwa kuandika njia za huku."

Alisimama akaegemea jembe. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye masikio makubwa tuliyokuwa tukiyacheka kwa siri. Hakuwa mtu wa kusema sana, lakini hakuna mtu upande ule aliyeijua milima kama yeye.

"Peke yako utapotea," alisema, "nao watasema ukoo wetu umeficha mtoto." Akaweka jembe chini.

Tulitembea siku nne. Alinitajia kila kijito, kila kilele, mahali pa kuvukia, chemchemi isiyokauka. Mimi nilihesabu hatua, nikisoma dira na kuandika. Mwanzoni alinicheka nikihesabu kwa sauti. Siku ya pili akaanza kunisubiri mwenyewe kwenye kila kona, akauliza, "Ngapi?" Nikimwambia, aligeuka nyuma kuitazama njia aliyoipita tangu utoto, kama mtu aliyeambiwa uzito wa mtoto wake. Nadhani alianza kuipenda ile kazi. Ndiyo sababu alinionyesha pango.

Lilikuwa nyuma ya mwamba mrefu, mdomo wake umefunikwa na migomba pori, ndani kukavu na kupana. Zamani, wavamizi walipokuwa wakija kuchukua watu na mifugo, bibi zetu walijificha mle na watoto na mbegu. Bado palikuwa na vyungu vya wakati huo.

"Hiyo karatasi," mjomba aliuliza tulipotoka, "atakaa nayo nani?"

"Mwalimu. Anataka kuangalia tu kama najua."

"Basi hapa usiandike."

"Sitaandika, mjomba."

Nilisema kweli, nilikusudia hivyo. Niliporudi shuleni nilichora kwa majuma matatu, kwa wino mweusi, wa buluu na wa kahawia. Pango sikuliandika. Lakini njia ya kulifikia nilikuwa nimeipima kwa hatua mia nane na kitu, imepinda vizuri kufuata mteremko, na sikuweza kuiacha. Ilikuwa njia nzuri. Nikaichora mpaka kwenye mwamba, nikaikomesha hapo.

Mwalimu aliisoma ramani siku nzima. Jioni akaniita, akaweka kidole palepale.

"Njia hii inakwenda wapi?"

"Kwenye mwamba, bwana."

"Watu hawachongi njia kwa miaka mingi ili waende kutazama mwamba. Kuna nini?"

Niliinamia ramani kana kwamba jibu limo. Hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta.

"Ramani inayoficha kitu ni uongo uliochorwa vizuri," alisema. "Nawe unajua mimi na uongo. Hii ni kazi bora kuliko zote nilizoletewa katika nchi hii. Usiniharibie."

Akachovya kalamu kwenye wino, akaninyooshea. Hakunitisha kwa fimbo, wala hakunipandishia sauti. Nimewahi kuwasikia watu wakisimulia waliyoyasema kwa kuchapwa, nikawaonea wivu. Mimi nilipewa kalamu na sifa. Nikaandika *pango*, kwa herufi ndogo, na pembeni nikaandika *kavu*, maana tulifundishwa kuandika hali ya mahali.

Nishani tulipewa siku ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari, mfalme wao, mbele ya boma, ngoma na tarumbeta zikipigwa, maakida wamevaa kanzu nyeupe. Ya ramani nilipata mimi peke yangu. Bwana mkubwa wa boma alinibandika mwenyewe. Kisha tukaingizwa ndani kuiona ramani ikitundikwa ukutani, imetiwa kioo na mbao. Niliisogelea. Chini, kwenye kona, paliandikwa jina la mwalimu. La kwangu halikuwapo.

Nilimuuliza kesho yake.

"Likiwekwa jina lako," alisema, "Dar es Salaam hawataiamini. Nimeilinda kazi yako."

Barua kutoka ofisi ya upimaji ilikuja baada ya mvua za masika. Alinisomea, akiruka sehemu fulani, lakini nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake na Kidachi nilikisoma kiasi. Waliandika kwamba mtu mweusi wanaweza kumwajiri kubeba mnyororo wa kupimia na kukata vichaka, ila kwenye chombo haruhusiwi kuweka jicho. Mshahara wa mkata vichaka ulitajwa. Mwalimu alipewa shukrani za serikali kwa ramani yake.

"Unaweza kukaa hapa," aliniambia, bila kunitazama, "uwafundishe wadogo kioo."

Nikakaa. Ningeweza kurudi mlimani wakati ule. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini sikurudi, na jibu linanitia aibu: nilikuwa nimezoea kuitwa hodari. Mlimani nilikuwa mwenye kifua kibovu.

Kisha vita ikaja. Mwanzoni ilikuwa habari tu, ya mbali, kwenye waya wa simu. Baadaye askari walijaa mjini, magari moshi yakashusha masanduku, na masanduku yalitaka vichwa vya kuyabeba. Wapagazi walichukuliwa kwanza kwa kuandikishwa, kisha kwa kukamatwa. Wanaume wa milimani wakatoweka. Majumbe walikuja bomani wakisema vijiji vimebaki na wanawake na kuku, wakachapwa, wakarudi, wakaja tena wakisema vilevile.

Siku moja niliitwa bomani. Ndani palikuwa na afisa wa jeshi nisiyemjua, mnene, na mwalimu, ambaye sasa naye alivaa nguo za kijeshi. Ramani ilikuwa imeshushwa ukutani, imelazwa mezani. Mtu alikuwa amezungushia pango penseli nyekundu.

"Soma majina haya," alisema afisa. Nikasoma. Vijito vyote, vilele vyote. Kidole chake kilinitangulia, na sauti yangu ikakifuata mlimani kama mbwa.

"Hapa. Pango. Linatosha watu wangapi?"

"Sijui, bwana."

"Umeandika *kavu*. Uliingia."

"Labda hamsini."

"Lina mdomo mmoja?"

"Mmoja."

Ningeweza kusema limeporomoka. Ningeweza kusema ni shimo la popo. Maneno hayo yalinijia nikiwa nje tayari, nimepita lango, nimefika hadi sokoni, mahali ambapo hayakuwa na kazi. Mle ndani niliulizwa swali la elimu nikajibu kama mwanafunzi.

Siku ya nne waliteremshwa. Nilikuwa uwanjani nikiwafundisha wadogo kufuta kioo tuliposikia watu wakipiga kelele barabarani. Walikuwa kumi na mmoja, wamefungwa kamba shingoni, askari mbele na nyuma. Wote walikuwa watu wazima, wengine wazee kabisa. Mjomba alikuwa wa tatu. Sikio lake moja lilikuwa limevimba, damu imekaukia shingoni.

Waliwekwa kwenye ua wa boma wakisubiri kuandikwa. Askari wa mlango alinijua, akaniruhusu. Nilikuwa na shati la kikosi. Sikufikiria hata kulivua.

"Shikamoo mjomba."

Watu wengine kwenye kamba waligeuza nyuso.

"Marahaba," alisema. "Kifua chako hakijambo?"

"Hakijambo, mjomba."

"Mwambie dada yangu yale maharage ya juu ayavune juma hili. Yakikaa yatapasuka."

"Nitamwambia. Mjomba, mimi..."

"Juma hili," alirudia. "Asingoje kaka yako." Kisha akafumba macho kama mtu aliyechoka na mazungumzo ya mgeni.

Nilikimbia kwa mwalimu. Alikuwa anafunga vitabu vyake kwenye sanduku.

"Bwana, yule wa tatu ni mjomba wangu. Ndiye aliyenitembeza. Bila yeye hakuna ramani."

"Najua ni vigumu," alisema. "Hii ni vita."

"Ulisema ni kwa nishani. Ulisema kazi yangu."

"Ni kazi yako, na ni nzuri. Askari hawakupotea hata mara moja." Aliona uso wangu, akaacha kufunga. "Kijana, sikuijua vita hii siku ile. Ningeijua, bado ningekutaka uandike ukweli. Ramani sasa ni ya serikali. Siwezi kuifuta."

Ilikuwa mara ya mwisho kuzungumza naye. Nimeyageuzageuza maneno yake miaka mingi nikitafuta uongo ndani yake, sijaupata, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

Asubuhi iliyofuata mjomba alitwishwa sanduku la risasi, akaondoka na msafara wa kuelekea Kisaki, kwa njia ya mashariki inayozunguka milima.

Nikavua shati, nikamtumia mama ujumbe wa maharage, nikaacha shule, nikapata kazi ya kubeba maji kituo cha gari moshi. Mwaka uliofuata Wadachi walivunja madaraja, wakachoma walichoweza, wakaondoka kusini, mwalimu akiwa nao. Waingereza wakaingia mjini na farasi na makaburu na wapagazi wengi kuliko nilivyowahi kuona. Baada ya wiki mbili niliitwa bomani tena. Mtu alikuwa ametaja kwamba mimi naijua ramani. Ilikuwa mezani ileile, kioo kimevunjika, na afisa Mwingereza mwenye masharubu mekundu akivuta sigara juu yake. Nao walitaka wapagazi.

"Hili pango?" mkalimani aliuliza.

"Limeporomoka," nilisema. "Mawe matupu."

Hakunibishia. Akatuma askari vilevile. Hawakukuta watu, ila walikuta magunia ya mtama ambayo akina mama walikuwa wameyaficha, wakayabeba yote. Mwaka ule ulikuwa wa njaa. Uongo wangu ulichelewa na haukumsaidia mtu.

Habari za mjomba nilizipata kwa mtu wa kijiji chetu aliyekuwa kwenye kamba ileile, mzee fundi wa vinu. Nilimkuta amekaa chini ya ukuta wa kituo, miguu imeliwa na funza, akitafuta mtu wa kumpandisha nyumbani. Nilimpa uji. Hakutaka kunitazama, lakini uji alikunywa.

"Mjomba wako aliishia Kisaki," alisema. "Tumbo la damu. Tulimfukia pembeni ya njia, hatukupewa muda wa kuchimba sana."

Nilikaa chini.

"Mlikuwa wangapi pangoni?" niliuliza baadaye.

"Arobaini."

"Mbona walileta kumi na mmoja?"

Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. "Wengine walitoka kwa tundu la nyuma. Linatokea bondeni, unatambaa. Askari walipofika mdomoni, mjomba wako alitoka nje akabishana nao, kuhusu kodi, kuhusu kuku, upuuzi tu, walimpiga naye anaendelea kubishana. Vijana wote wakapita nyuma. Kaka yako alikuwamo. Sisi tusioweza kutambaa tukabaki."

"Mimi sikujua kama kuna tundu."

"Ndiyo," alisema. "Alituambia hukuonyeshwa."

Nimekuwa na muda mrefu wa kulifikiria jambo hilo. Siku nne alitembea nami, akasubiri hesabu zangu kwenye kila kona, akacheka, akanionyesha vyungu vya bibi zake. Na wakati wote huo kuna kitu alikibakiza nyuma ya ulimi. Hakuniamini. Watu ishirini na tisa waliponea kwenye ile sehemu ndogo ya moyo wake ambayo haikuniamini. Namshukuru Mungu kwa hilo, na kila nikishukuru linaniuma.

Nilimpandisha yule mzee mlimani kwa miguu yangu na kifua changu hiki kibovu, siku mbili, akiegemea bega langu. Mama alikuwa anatwanga. Nilimwambia yote, kalamu, sifa, swali la mdomo mmoja. Hakuacha kutwanga.

"Alijua," alisema nilipomaliza. "Uliposhuka na daftari lako, alikaa hapo ulipokaa, akasema, 'Yule mtoto ataandika. Wakimsifu ataandika.' Nikamwambia hapana, mwanangu simjui hivyo." Akainua mchi, akaushusha. "Ni kaka yangu. Alinionya, nikakutetea."

Hakulia mbele yangu. Maharage ya mwaka ule alikuwa ameyavuna kwa wakati.

Ukoo wetu, lukolo kama tunavyouita, ulikaa baada ya mazishi yasiyo na maiti. Urithi wa mjomba uliangukia kwa kaka yangu, kama desturi ilivyo, na yeye ndiye mwenye kugawa ardhi. Niliomba kipande. Nilisema nimeacha mambo ya mjini, nitalima kadiri ya nguvu zangu. Kaka yangu alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na kovu nisilolijua begani, la kutambaa kwenye mwamba.

"Hakuna anayekufukuza," alisema. "Wewe ni mtoto wa mama yetu. Lakini kukupa shamba lazima nikutembeze mipaka, nikuonyeshe jiwe hili na mti ule. Hilo sitaweza."

Hakuna aliyepinga. Mama alikuwa amekaa na wanawake, aliinamisha kichwa.

Nikashuka. Nilikodi kipande cha tambarare Kihonda, wakati ule pakiwa vichaka na mkonge, nikapanda mtama, nikaoa, nikapata watoto ambao kwa desturi yetu ni wa ukoo wa mama yao, na wajomba zao ni watu wema. Nishani zote tatu nilizitia motoni siku moja bila sherehe, pamoja na takataka za uani.

Mlimani napanda kukiwa na msiba. Wananipokea vizuri. Watoto wananipa shikamoo, napewa maji ya kunawa, natengewa chakula kizuri, naulizwa hali ya mjini. Jua likianza kuegemea, mmoja wao, mara nyingi mtoto wa kaka yangu, anasimama na kusema atanisindikiza. Tunashuka pamoja, tukizungumza mambo ya mvua na bei ya maharage, naye anakuwa mbele kila mahali njia inapogawanyika, mpaka tunafika barabarani. Hapo ananiaga kwa heshima na kupanda kurudi. Tangu mjomba aondoke sijawahi kuambiwa nilale.